Maruerue: Kuona Kisichokuwapo Katika Historia na Utamaduni Wetu

Wazee wetu walinena kwamba kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Methali hii hutumika kwa mambo mengi, lakini ni machache yanayoistahili kama hili tunalotaka kulieleza hapa: hali ya mtu kuona, kusikia au kuhisi kitu ambacho wenzake waliokaa naye hawakioni, hawakisikii wala hawakihisi, na ambacho kwa hakika hakipo. Hali hiyo huitwa maruerue. Watu wengi huitaja kwa woga, wengine kwa dhihaka, na wachache tu huichunguza. Aliyepatwa nayo mara nyingi hunyamaza, maana anajua kwamba akisema ataambiwa amerogwa au ana wazimu.

Tunaileta mada hii katika mkusanyiko wa insha za utamaduni kwa sababu mbili. Kwanza, lugha yetu na historia ya nchi yetu zina ushahidi mwingi juu yake, na baadhi ya ushahidi huo uliandikwa katika njia ya misafara iliyotoka pwani kwenda Ujiji. Pili, namna jamii inavyomtendea mtu anayeona yasiyokuwapo ni kipimo cha utu wa jamii hiyo. Wakoloni walikitumia kipimo hicho kutudharau. Hatuna budi kukitumia sisi wenyewe kujisahihisha.

Maneno ya lugha yetu

Kabla ya kuingia katika historia, yafaa tuyapange maneno. Kiswahili kina hazina kubwa katika uwanja huu, na kila neno lina mahali pake. Ndoto humjia mtu akiwa usingizini, naye akiamka huijua kuwa ni ndoto. Njozi na ruya ni ndoto au maono yanayodhaniwa kuwa na maana au ujumbe. Jinamizi ni ile hali ya kukabwa usingizini, mtu akataka kupiga kelele asiweze. Kuweweseka ni kusema na kutupa mikono usingizini au katika homa, na kupayuka ni kutoa maneno ovyo bila ya kuyatawala.

Mazigazi ni jambo jingine kabisa. Msafiri katika nyika kavu, jua likiwa kali, huona mbele yake ziwa la maji linalometameta, kumbe ni mwanga uliopindwa na hewa yenye joto. Mazigazi huonekana na watu wote waliosimama mahali pamoja, na hata kamera itayanasa. Kwa hiyo mazigazi si kosa la akili ya mtu mmoja.

Kuna pia kosa la macho lisababishwalo na hofu au matarajio. Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka. Lakini unyasi upo, ila ameudhania kuwa nyoka. Akisogea na kuutazama vizuri, nyoka hutoweka na unyasi hubaki. Maruerue, ambayo wengine huyaita maluweluwe, hayana unyasi. Mtu yu macho, hakulala, wala hakuna kitu cha nje alichokikosea, naye huona au husikia kwa dhahiri ile ile anayoonea mti na kusikia jogoo. Tofauti hii ni ya msingi, na mwanafunzi aishike vema tunapoendelea.

Ushahidi wa njia ya misafara

Katika karne ya 19 njia kuu ya biashara ilitoka pwani ya Mrima, ikapita Uzaramo, Usagara na Ugogo, ikafika Unyanyembe mahali tupaitapo leo Tabora, na kuishia Ujiji, ukingoni mwa Ziwa Tanganyika. Maelfu ya wapagazi waliikanyaga njia hiyo wakibeba pembe, vitambaa na shanga. Waliugua homa, ndui na tumbo la kuhara damu, na wengi walizikwa kando yake. Hapana shaka kwamba wengi wao, katika joto la homa, waliona na kusikia mambo ya ajabu. Lakini wapagazi hawakuacha vitabu. Walioandika ni Wazungu wachache waliosafiri kwa mabega yao. Kwa hiyo mwanahistoria analazimika kuyasoma maandishi ya wageni hao, akikumbuka daima kwamba yale yaliyowapata wao yaliwapata pia waliobeba mizigo yao.

Richard Burton na John Hanning Speke waliondoka pwani karibu na Bagamoyo mnamo Juni 1857. Hata kabla ya kuupanda mlima wa Usagara, Burton alishikwa na homa kali. Katika kitabu alichokitoa mwaka 1860 juu ya nchi za maziwa, aliandika kwamba wakati wa homa, na kwa saa kadhaa baada yake, alikuwa na hakika ya ajabu kwamba amegawanyika na kuwa watu wawili, na watu hao wawili walikuwa wakipingana bila kukoma. Usiku, usingizi ukimpaa, alitokewa na wanyama wa kutisha, wanawake mfano wa wachawi, na wanaume ambao vichwa vyao vilichomoza vifuani.

Msafara ulifika Ujiji Februari 1858. Wakati huo Speke alikuwa karibu kipofu kwa ugonjwa wa macho, hata ziwa alilolitafuta kwa miezi mingi halikumdhihirikia ila kama ukungu na mng'aro. Burton naye alipolitupia jicho la kwanza kutoka kilimani aliona ufito mwembamba tu wa mwanga, akasikitika kwamba amehatarisha maisha yake kwa kitu kidogo. Aliposogea hatua chache, ziwa lote likamfungukia. Tunalitaja jambo hili kwa sababu linatukumbusha kwamba hata kuona kwa kawaida hutegemea mahali tuliposimama na kile tulichokitazamia.

Tukio kubwa zaidi lilikuwa la Speke. Mnamo Oktoba 1858, walipokuwa wakirudi pwani na kupumzika mahali palipoitwa Hanga, mashariki ya Tabora, alilazwa katika banda la ng'ombe lililojaa wadudu na kupigwa na upepo wa baridi. Maumivu yalianza kifuani upande wa kulia, kama mtu aliyetiwa chapa kwa chuma cha moto. Kisha yakahamia moyoni kwa vichomo vikali, yakazunguka hadi wengu na ini. Alfajiri aliamshwa na njozi ya kutisha: kundi la chui na wanyama wengine wakali, waliofungwa kwa wavu wa kulabu za chuma, walikuwa wakimburuta ardhini kwa kasi ya kimbunga. Baadaye walimjia majitu na mashetani wenye vichwa vya simba, wakimvuta na kumchuna mishipa ya miguu mpaka kwenye vifundo. Viungo vyake vilikakamaa, uso ukabadilika, akatoa sauti kama ya mbwa anayebweka, hata waliomzunguka wakaogopa. Akili ilipompata kidogo aliomba kalamu na karatasi, akawaandikia jamaa zake barua ya kuwaaga, iliyochanganyika maneno.

Watu wa msafara hawakushangaa kama Burton alivyoshangaa, maana ugonjwa huo waliujua na walikuwa na jina lake: kichomachoma. Burton aliitafsiri kuwa vyuma vidogo. Lakini msomaji wa Kiswahili ataona papo hapo kwamba jina linatokana na kitenzi kuchoma, ambacho hubeba maana mbili: kuunguza kwa moto na kudunga kwa kitu chenye ncha. Hizo ndizo hali mbili alizozieleza Speke, chapa ya moto kwanza na vichomo baadaye. Neno moja la wapagazi lilieleza kwa ukamilifu kile ambacho mgeni alihitaji ukurasa mzima kukieleza, na lugha yetu hata leo ina neno kichomi kwa maumivu ya kifua. Tiba iliyopendekezwa nayo ilitoka kwa Waarabu wa njia hiyo: manemane iliyosagwa na kuchanganywa na kiini cha yai, pamoja na unga wa choroko wa kukanda. Hatudai kwamba dawa hiyo iliutibu ugonjwa. Tunachosema ni kwamba wenyeji waliutambua kuwa ni ugonjwa wa mwili wenye jina, dalili na tiba.

Shahidi wa tatu ni David Livingstone. Mwanzoni mwa Januari 1869 alikuwa akisafiri kutoka upande wa Kazembe kuelekea Ziwa Tanganyika, akanyeshewa na mvua, akashikwa na ugonjwa wa mapafu na kutema damu. Hakuweza kutembea. Mfanyabiashara aliyeitwa Mohamed Bogharib aliamuru abebwe kwa machela, akamwuguza. Katika shajara yake, iliyochapishwa mwaka 1874 baada ya kufa kwake, Livingstone aliandika kwamba alipoteza hesabu ya siku za juma na mwezi. Alipokitazama kipande chochote cha gome la mti alikiona kimejaa maumbo na nyuso za watu. Akigeuza macho pembeni kisha akarudi pale pale, nyuso zilikuwa zingalipo. Alijiona mwenyewe amelala maiti katika njia ya Ujiji, na barua alizotumaini kuzikuta huko zimekosa faida. Alifika Ujiji Machi 14, 1869, akiwa hai kwa sababu ya mabega ya watu.

Hali yenyewe ilivyo

Tukizilinganisha habari za mashahidi hawa watatu na zile zinazosimuliwa na wagonjwa wa leo, tunaweza kuzipambanua sifa kadhaa za hali hii.

Sifa ya kwanza ni kwamba maruerue hayaitwi wala hayafukuzwi kwa kutaka. Mtu anaweza kuamua kumfikiria mama yake, akamwona katika fikra zake, na akaamua kuacha. Maruerue huja yenyewe, kama mgeni asiyebisha hodi. Livingstone aligeuza macho makusudi ili kuzijaribu nyuso zile, nazo hazikumtii.

Sifa ya pili ni kwamba kitu huonekana kuwa nje ya mtu, tena mahali maalumu: juu ya gome, nyuma ya mlango, pembeni mwa sikio la kushoto. Ndiyo maana mgonjwa hugeuka kutazama, hujibu, au hufungua mlango kumtafuta aliyemwita. Anayemwona humdhani mpumbavu, kumbe anatenda lile ambalo mtu yeyote mwenye busara angelitenda kama angalisikia alichosikia.

Sifa ya tatu ni kwamba si macho na masikio tu yanayohusika. Speke hakuiona tu ile kulabu, aliihisi mwilini. Wengine husikia harufu ya kitu kinachoungua ambapo hakuna moto, au huhisi wadudu wakitambaa chini ya ngozi, hasa mlevi wa siku nyingi aliyekatiwa pombe ghafla. Wengine hawaoni chochote, ila huwa na hakika kwamba kuna mtu amesimama nyuma yao.

Sifa ya nne, ambayo wengi hawaijui, ni kwamba akili inaweza kubaki na nuru yake. Livingstone aliziona nyuso na papo hapo alijua kwamba anaugua. Burton alikuwa watu wawili, na bado alikuwapo wa kuwahesabu. Kwa wengine nuru hiyo huzimika kabisa, na kwa wengine huwaka na kuzimika kama taa yenye mafuta machache. Kwa hiyo si haki kudhani kwamba kila anayeona yasiyokuwapo amepoteza akili.

Sauti zinahitaji maelezo ya pekee, maana katika magonjwa makubwa ya akili ndizo zinazotokea mara nyingi kuliko maono. Si mvumo usio na maana. Ni maneno, katika lugha anayoijua mtu, yenye jinsia, umri na hata lafudhi. Pengine sauti humwita jina. Pengine hutangaza kila anachofanya: sasa anainuka, sasa anachukua kikombe. Pengine huwa mbili, nazo humsengenya yeye asikie, au humtukana kwa siri alizodhani hazijui mtu. Sauti ngumu kuliko zote ni ile inayoamuru. Mtu anayeishi na sauti za namna hiyo huchoka kama mtu aliyekaa sokoni mchana kutwa na usiku kucha bila kuondoka. Akionekana hasikilizi mazungumzo, ni kwa sababu anasikiliza mazungumzo mawili kwa wakati mmoja. Hata hivyo si sauti zote zenye ukali. Wapo wanaofarijiwa nazo.

Asili yake

Watu hudhani kwamba jicho ni dirisha, na kwamba akili hukaa nyuma yake ikitazama nje. Elimu ya siku hizi yatufundisha vingine. Ubongo hupokea habari pungufu kutoka katika macho na masikio, nao hujaza mapengo kwa kutumia yale uliyokwisha kujifunza. Mara nyingi makisio yake ni sahihi, nasi huyaita kuona. Panapokuwa na hitilafu, ama kwa homa, sumu, njaa, kukosa usingizi, kifafa, pombe, bangi au ugonjwa wa akili, makisio huweza kutangulia habari, na ubongo ukatengeneza picha au sauti bila ya kuletewa kitu.

Mfano ulio wazi ni wa watu wanaopoteza uwezo wa kuona. Mwaka 1760 mtaalamu wa Uswisi, Charles Bonnet, alieleza habari za babu yake aliyekuwa na mtoto wa jicho. Mzee huyo, mwenye akili timamu kabisa, aliona watu, ndege na majengo ambayo hayakuwapo. Hali hiyo huitwa kwa jina la Bonnet mpaka leo. Mwaka 1998 watafiti wa London walizipima bongo za wagonjwa wa namna hiyo, wakakuta kwamba anayeona nyuso hufanya kazi ile sehemu ya ubongo inayotambua nyuso, kama kwamba uso wa kweli uko mbele yake. Kwa hiyo mgonjwa anaposema kwamba ameona, hasemi uongo. Ubongo wake umefanya kazi ya kuona. Kilichokosekana ni kitu cha kuonwa.

Tena hali hii haikuwekewa wagonjwa peke yao. Wengi wetu tumewahi kusikia jina letu likiitwa tulipokuwa tukielekea kusinzia. Mwaka 1971 daktari mmoja wa Wales, W. Dewi Rees, alichapisha uchunguzi alioufanya kwa watu 293 waliofiwa na waume au wake zao. Karibu nusu yao walikuwa wamemhisi marehemu yu pamoja nao, na baadhi walimwona au walimsikia. Wengi walifarijika, na wengi walikuwa hawajamwambia mtu. Mwalimu atakayewauliza kwa upole wazee wa mtaa wake huenda akasikia habari zinazofanana na hizo.

Pepo, maono na heshima ya mahali pake

Hapa pana swali ambalo wanafunzi huliuliza mara kwa mara: je, pepo wa pwani ni maruerue? Jibu letu ni kwamba tusiharakishe kuviunganisha viwili hivi. Katika ngoma za pepo, mtu anayepandisha huitwa kiti, maana pepo amemkalia. Fundi humwuliza pepo jina lake, kabila lake na haja yake, na pepo hujibu kwa kinywa cha kiti mbele ya watu. Mara nyingi kiti, akisharejea, hakumbuki lililopita. Mwenye maruerue husikia sauti ambayo wengine hawaisikii. Mwenye pepo hutoa sauti ambayo wote huisikia. Moja ni jambo la mtu peke yake na masikio yake. La pili ni jambo la halaiki, lenye ngoma, mavazi, uvumba na kanuni zake.

Lakini yapo mafunzo katika desturi hiyo. Aliyesumbuliwa hakufichwa chumbani. Aliwekwa katikati ya watu, akaimbiwa, akaulizwa anachotaka, na pengine haja aliyoshindwa kuisema nyumbani ilisemwa na pepo wake. Vilevile hatuna budi kusema wazi kwamba wapo waganga waliozitumia desturi hizo kuwanyonya wagonjwa mali zao, na wapo wagonjwa waliokufa kwa homa huku wakichezewa ngoma.

Kuhusu maono ya viongozi wa kale, mwanahistoria anapaswa kuwa na adabu. Wazee waliohojiwa katika miaka ya 1960 walisimulia kwamba mnamo mwaka 1904 huko Ngarambe, karibu na Mto Rufiji, Kinjikitile Ngwale alishikwa na pepo, akavutwa ndani ya kisima, ndugu zake wakashindwa kumtoa, naye akatoka siku ya pili nguo zake zikiwa kavu. Ujumbe wake wa maji ulikusanya watu wa makabila mengi dhidi ya Wajerumani. Vita vilianza Julai 1905, naye alinyongwa Agosti 4 mwaka huo. Wapo watakaotaka kumpima marehemu huyo kama daktari apimavyo mgonjwa. Sisi twaona kwamba kazi hiyo haina maana. Watu hawakuondoka mashambani kwa sababu ya kilichoonekana kisimani, bali kwa sababu ya kiboko, kodi na pamba ya kulazimishwa. Maono yaliwapa umoja. Dhuluma ndiyo iliyowapa sababu.

Wakoloni na akili ya Mwafrika

Sasa tufikie kiini cha hoja yetu. Burton alipoona watu wenye vichwa vifuani, wasomaji wa Ulaya walisema: ni homa. Speke alipobweka, walisema: ni homa. Livingstone alipoona nyuso katika magome, walimhurumia na kumheshimu zaidi. Lakini Mwafrika alipoona mambo hayo hayo, walisema: hiyo ndiyo akili yake.

Usemi huo haukubaki katika vijiwe vya walowezi. Daktari J. C. Carothers, aliyeisimamia hospitali ya wagonjwa wa akili ya Mathari, Nairobi, aliandika kitabu juu ya akili ya Mwafrika kilichochapishwa na Shirika la Afya Duniani mwaka 1953. Humo alimlinganisha Mwafrika wa kawaida na Mzungu aliyekatwa sehemu ya mbele ya ubongo. Mwaka uliofuata serikali ya kikoloni ya Kenya ilichapa maandishi yake juu ya Mau Mau, ambamo harakati za watu waliodai ardhi yao zilielezwa kama msukosuko wa akili. Hivyo elimu ya tiba ilifanywa kuwa mjeledi wa siasa.

Waafrika walijibu kwa kazi. Mwaka 1954 daktari Thomas Adeoye Lambo alianzisha huko Aro, Abeokuta, nchini Nigeria, mpango wa kuwatibu wagonjwa wakikaa vijijini pamoja na jamaa zao, wakilima mchana na kupata dawa za hospitali. Kisha Shirika la Afya Duniani lilifanya uchunguzi katika vituo vya nchi tisa, Ibadan ya Nigeria ikiwamo, na taarifa yake ya mwaka 1973 ilionyesha kwamba dalili za ugonjwa mkubwa wa akili, zikiwamo sauti, hupatikana Moscow, London na Washington kama zipatikanavyo Ibadan. Wagonjwa walipofuatiliwa baada ya miaka miwili, wale wa Ibadan na wa Agra huko India walikuwa wamepata nafuu zaidi kuliko wengi wa nchi tajiri. Wataalamu wangali wakibishana juu ya sababu, lakini nguvu ya jamaa na kazi ya pamoja imetajwa mara nyingi.

Uchunguzi wa karibuni zaidi umeongeza jambo. Mwaka 2014 wataalamu walioongozwa na Tanya Luhrmann walitangaza matokeo ya kuwahoji watu 60 wenye kusikia sauti: 20 wa California, 20 wa Accra na 20 wa Chennai. Wale wa Marekani walizieleza sauti zao zaidi kama shambulio na dalili za ubongo ulioharibika. Wengi wa Accra na Chennai walizieleza kama uhusiano na mtu, jamaa au Mungu, na baadhi yao walizisifu. Maana yake ni kwamba ugonjwa ni mmoja kwa binadamu wote, lakini utamaduni humfundisha mgonjwa namna ya kuishi nao. Hapo ndipo utamaduni unapokuwa tiba, au unapokuwa pingu.

Wajibu wetu

Hapa nchini, nyumba ya kwanza ya wagonjwa wa akili ilifunguliwa na wamisionari wa Kijerumani huko Lutindi, Usambara, mwanzoni mwa karne ya 20. Hospitali ya Mirembe, Dodoma, ilifunguliwa mwaka 1927 wakati wa Waingereza. Baada ya Uhuru vikaanzishwa vijiji ambamo wagonjwa walilima na kuishi pamoja na watu wengine badala ya kufungiwa, na mwaka 2008 Bunge likapitisha Sheria ya Afya ya Akili. Hizo ni hatua za serikali. Lakini hatua ya kwanza huchukuliwa nyumbani na darasani, kabla ya daktari kujua lolote.

Mwanafunzi anayegeuka ghafla kutazama ukuta, anayecheka peke yake, au anayejibu swali ambalo mwalimu hakuliuliza, asipigwe wala asifanywe kichekesho. Kwanza apimwe homa. Mtu mwenye homa anayeweweseka na kuona yasiyokuwapo huenda ana malaria iliyopanda kichwani, na hiyo ni hatari ya saa chache. Apelekwe hospitali kabla ya jambo jingine lolote. Kama hana homa, aulizwe kwa upole nini anachosikia, sauti inamwambia nini, na kama inamwamuru kujidhuru. Kumwuliza hakumtii wazimu. Hatuna haja ya kubishana naye kwamba hakuna kitu, wala kumdanganya kwamba nasi tunakiona. Yatosha kusema kwamba sisi hatukioni, lakini twaamini kwamba yeye anakiona, na kwamba tutafuatana naye kwa mganga wa hospitali. Wala asifungwe mnyororo. Mnyororo haujapata kumnyamazisha asiyekuwapo. Humwumiza aliyepo tu.

Wapagazi wa njia ya Ujiji hawakusoma vitabu vya tiba. Walimwona mgeni akibweka na kupigana na majitu wasiyoyaona, wakauita ugonjwa wake kwa jina, wakatafuta dawa. Mwenzake walimbeba kwa machela mpaka ziwani, ingawa alikwisha kujiona maiti. Waliyoyatenda kwa wageni wasiowajua, sisi twashindwaje kuwatendea watoto wetu wenyewe? Hujafa hujaumbika, na kitanda hiki, hakuna ajuaye nani atakilalia kesho.